Dripu ya vitamini C kwa uvimbe wa ubongo: tuuze ng'ombe?

Msomaji mmoja wa Arua ameniandikia hivi:

"Daktari, habari za kazi. Baba yetu ana miaka 58, ni askari mstaafu. Alianza kuumwa kichwa kila asubuhi, mkono wa kushoto ukawa mzito, halafu siku moja akaanguka na kutetemeka mwili mzima. Amefanyiwa upasuaji Kampala na majibu ya maabara yanasema glioblastoma, daraja la 4. Sasa hivi anakunywa fenitoini ya kuzuia degedege na dexa (deksamethasoni) ya kupunguza uvimbe wa maji kwenye ubongo, na tumeambiwa aanze mionzi pamoja na vidonge vya saratani. Lakini shangazi amepata kliniki inayotoa dripu ya vitamini C. Wanasema inaua saratani bila kumchoma mtu kama mionzi, na wana mgonjwa wao aliyepona kabisa. Dripu tatu ni bei ya ng'ombe mmoja, na wanataka 12 za kuanzia. Binamu yetu aliye London naye ametuma chupa nne: vitamini D, vitamini E, B-complex, na moja imeandikwa B17. Baba mwenyewe anasema vitamini haijawahi kumdhuru mtu. Tuuze ng'ombe? Na chupa hizi tumpe?"

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza. Kwanza nijitambulishe vizuri: mimi ni mfamasia, kazi yangu ni dawa za saratani. Hilo la daktari mmeniazima, maana huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari.

Nianze na ng'ombe kwa sababu mnada haungoji. Msiuze hata mmoja kwa ajili ya dripu hizo. Kama lazima atoke zizini, pesa yake iwe ya nauli, chumba na chakula cha Kampala wakati baba anapigwa mionzi. Mionzi ya uvimbe huu kwa kawaida ni mara 30, siku tano kwa wiki, wiki sita mfululizo. Wagonjwa wa mbali ninaowaona wakikatiza katikati, wengi hawakatizwi na ugonjwa. Wanaishiwa pesa ya kula.

Sababu zangu zina urefu kidogo, kwa kuwa shangazi hakudanganywa kila kitu. Ndani ya maneno ya ile kliniki kuna punje ya ukweli, na ndiyo inayowauzia.

Glioblastoma huanzia kwenye seli za ubongo wenyewe, na ubaya wake mkubwa ni kupenya. Ukiwahi kulima shamba lenye lumbugu, lile jani ambalo wakulima wa Buganda wanaligombeza mwaka mzima, utanielewa: unang'oa shina, shamba linaonekana safi, kumbe mizizi imeshapita chini kwa chini hadi kwa jirani. Seli za uvimbe huu hutambaa mojamoja zikifuata nyuzi za neva na mishipa ya damu, mbali kuliko mpaka unaoonekana kwenye picha ya MRI. Mwaka 1928 Walter Dandy, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa aliowaondoa nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia, watu waliokuwa wameshapooza. Nusu nzima, na bado uvimbe ulirudi katika upande uliobaki. Kwa hiyo daktari wenu aliposema ametoa kile alichoweza kutoa, hakuwa anakwepa kazi.

Ndiyo maana baada ya kisu huja mionzi na temozolomidi, hivyo vidonge mlivyotajiwa. Utafiti ulioweka tiba hiyo ulitoka mwaka 2005, kwa wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada. Kwa waliopata mionzi peke yake, nusu yao walikuwa wamefariki ilipofika miezi 12.1. Kwa waliopata mionzi na temozolomidi, ilikuwa miezi 14.6. Najua unasoma tofauti hiyo na moyo unakuanguka, miezi miwili na nusu tu. Lakini tazama miaka miwili baadaye: kati ya kila 100 waliopata vyote viwili, kama 26 walikuwa hai, na kwa wale wa mionzi peke yake ni kama 10. Hatuwezi kujua leo baba ataangukia wapi, ila tunajua ni mlango upi una nafasi kubwa zaidi.

Sasa vitamini C. Habari yake ilianza na mtu mkubwa, Linus Pauling, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili, ya kemia mwaka 1954 na ya amani mwaka 1962. Mwaka 1976 yeye na daktari wa Scotland, Ewan Cameron, walichapisha habari za wagonjwa 100 wa saratani zilizofikia mwisho, wakadai kwamba waliopewa vitamini C waliishi muda mrefu kuliko wengine. Kasoro ni kwamba hao wengine walitafutwa kwenye mafaili ya zamani. Hawakugawanywa kwa kura tangu mwanzo, na unapochagua mwenyewe wa kulinganisha naye, ni rahisi kushinda. Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, walirudia jambo hilo kwa kura mara mbili, wakatoa matokeo mwaka 1979 na 1985, gramu 10 kwa siku kwa kumeza. Hapakuwa na tofauti yoyote.

Ingeishia hapo, lakini baadaye watafiti wa serikali ya Marekani waligundua jambo ambalo mimi binafsi nalipenda sana. Utumbo una mlango mwembamba kwa vitamini C. Ukimeza nyingi, inayozidi unaiachia chooni, tena kwa kuharisha. Ukiipitisha kwenye mshipa, kiwango katika damu hupanda mara 30 hadi 70 kuliko cha juu kabisa cha kumeza. Na kwa kiwango hicho haifanyi tena kazi ya chungwa. Hutengeneza haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu ukiimwagia kwenye kidonda, na seli za saratani, ambazo nyingi zina chuma cha ziada kilichozagaa ndani, huistahimili vibaya kuliko seli zenye afya. Hiyo ndiyo punje ya ukweli.

Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wakaipeleka kwa wagonjwa wa glioblastoma. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya watu 11, kuona kama inavumilika. Wakaendelea na kundi la watu 55, ambao nusu yao walivuka miezi 19 na nusu. Ni namba ya kutia moyo, siwezi kuificha. Lakini kundi hilo lilikuwa moja tu, halina la kulinganisha nalo, na wanaokubaliwa katika majaribio ya namna hiyo kwa kawaida ni wale wenye nguvu kuliko wagonjwa wa wodini. Tena ni makosa yaleyale ya mafaili ya zamani: waliwapima dhidi ya ile miezi 14.6 ya mwaka 2005. Na hili shangazi alisikie vizuri: watu hao walipata mionzi na temozolomidi, na dripu ikaongezwa juu. Iowa hawakumwachisha mtu mionzi ili wampe vitamini.

Hebu tuhesabu pamoja. Dozi ya Iowa katika kundi hilo la pili ilikuwa gramu 87.5 kwa dripu moja, mara tatu kwa wiki wakati wa mionzi. Ampuli ya vitamini C inayouzwa kwenye famasi zetu aghalabu ni miligramu 500. Unahitaji ampuli 175 kwa dripu moja tu. Muulize shangazi kama alimwona nesi akivunja shingo za ampuli 175. Mara nyingi ni mbili, tatu, labda kumi, ndani ya chupa ya maji ya chumvi, na rangi ya manjano inayomfanya mtu aone kweli kuna kitu. Kwa dozi hiyo, baba atapata kile ambacho angekipata kwenye mapera ya nyumbani.

Na kama kweli wanatoa dozi kubwa, hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Watu wengi wa maeneo yenye malaria, wanaume hasa, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Wanaishi vizuri, hawajui kama wanao. Ukiwamwagia vitamini C ya gramu nyingi kwenye mshipa, chembe nyekundu za damu hupasuka, mkojo unakuwa kama kokakola, figo zinaziba. Majaribio ya maana humpima kila mtu G6PD kabla ya dripu ya kwanza. Waulizeni wenye kliniki majibu ya baba ya G6PD yako wapi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui, hata baadhi ya wahudumu. Baba anatumia dexa, na dexa hupandisha sukari, kwa hiyo atakuwa anachomwa kidole mara kwa mara. Mashine nyingi ndogo za kupimia sukari haziwezi kutofautisha vitamini C nyingi na glukosi. Niliwahi kuitwa wodini kuangalia mgonjwa ambaye mashine ilimwandikia 27, na mwanawe alikuwa ameshashika simu akiulizia insulini. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa, anakunywa uji, anatutania. Tulipotuma damu maabara kuu, sukari ilikuwa 8. Ndipo mwanawe akasema polepole kwamba asubuhi walipitia mahali fulani kuwekewa dripu. Angechomwa insulini kwa ile 27, sijui kama tungemaliza utani.

Kuhusu mgonjwa wao aliyepona, siwezi kusema ni uongo. Nauliza tu: alikuwa anaumwa nini? Hapa Uganda kivimbe kinachoonekana kwenye picha ya CT ya ubongo kinaweza kuwa toksoplasma, kimelea kinachomshambulia mtu mwenye VVU, ambayo hata Septrin huiyeyusha. Kinaweza kuwa kifua kikuu kilichojikusanya, vifuko vya viluwiluwi wa tegu wa nguruwe, au uvimbe usio wa saratani unaokua kwa utando wa ubongo taratibu miaka mingi. Bila kipande cha nyama kupimwa maabara, mtu "anapona saratani" ambayo hakuwa nayo. Nyinyi mna majibu ya maabara mkononi, mko mbele ya wengi.

Na kuna ujanja mmoja nimeuona zaidi ya mara moja: dripu ya vitamini iliyotiwa dexa. Ubongo uliovimba kwa maji hunywea ndani ya siku moja hadi tatu. Mtu aliyekuwa haongei anaomba chai, anauliza habari za shamba. Familia inalia kwa furaha, inauza ng'ombe wa pili. Uvimbe wenyewe uko palepale, na dexa ile baba yako anaipata tayari kwa vidonge vya bei ya chini kabisa.

Vitamini nyingine inayofanyiwa kazi ya kweli ni B3, niasini, ile ambayo ukila posho (ugali) tupu mwaka mzima bila mboga wala samaki unaikosa, ngozi inachubuka shingoni kama shanga. Huko Calgary, Kanada, kundi la Wee Yong lilionyesha mwaka 2020, kwa panya, kwamba niasini inaweza kuziamsha seli za kinga ambazo uvimbe umezilaza usingizi ndani ya ubongo. Wameendelea na majaribio kwa watu, pamoja na mionzi na temozolomidi kama kawaida. Ni dozi za juu sana, zinazomfanya mtu awake uso na mwili kama amesimama jikoni mbele ya kuni, na ini lazima lipimwe. Kile kidogo kilichomo kwenye B-complex ya binamu hakifiki hata robo ya njia. Mimi ninaifuatilia kwa hamu, lakini sijampa mgonjwa yeyote.

Vitamini A niipitie haraka. Madaktari wa Shanghai katika miaka ya 1980 walitumia ndugu yake mmoja, dawa ya jamii ya vitamini A, kubadilisha kabisa hatima ya aina moja ya saratani ya damu, na ni tiba ya kawaida hadi leo. Ndugu yake mwingine alipochanganywa na temozolomidi kwa watu wa glioblastoma, katika utafiti uliotoka mwaka 2015, waliochanganyiwa walifanya vibaya kuliko waliotumia temozolomidi peke yake.

Hapo nimeshaanza kumjibu mzee kuhusu vitamini kutomdhuru mtu. Mpe na hii, kwa heshima zote, maana ni ya hapahapa kwetu. Miaka ya 1940 daktari wa Boston, Sidney Farber, alikuwa akitibu watoto wenye saratani ya damu. Asidi ya foliki, vitamini B9, ile ambayo mama mjamzito anapewa kliniki, ilikuwa inasifiwa, na watoto wakapewa za jamii hiyo. Farber akaona ugonjwa unakimbia zaidi. Saratani ilikuwa inalishwa. Akageuza mambo: akatafuta dawa inayofanana na foliki lakini inayoziba mdomo wa seli isile. Mwaka 1948 akaripoti kwamba watoto 10 kati ya 16 walipata nafuu ya muda, jambo lililokuwa halijawahi kuonekana. Dawa ya jamii hiyo, methotrekseti, ndiyo Denis Burkitt aliyoitumia hapa katika hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1960 kwa watoto wenye uvimbe wa taya ambao dunia nzima sasa inauita kwa jina lake. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilizaliwa mwaka 1967 kutokana na kazi hiyo. Yaani ile nyumba ambayo baba atakwenda kupigiwa mionzi, mwanzo wake ulikuwa kuinyima saratani vitamini.

Sasa chupa zenu.

Vitamini D inaweza kuwa na maana, lakini si ya kuua uvimbe. Fenitoini na dexa zote mbili huchosha mifupa, na fenitoini huimaliza vitamini D mwilini. Dozi ndogo ya kawaida, daktari akijua, sina ugomvi nayo. Dozi kubwa kubwa za kujipangia hupandisha kalsiamu, na mtu mwenye kalsiamu ya juu huchanganyikiwa na kutapika, mkadhani ni ubongo.

Vitamini E iacheni kabatini hadi mionzi iishe, na hata baadaye. Mionzi inaua seli za saratani kwa kuzichoma na chembe kali za oksijeni, na vitamini E kazi yake ni kuzima chembe hizo. Quebec, Kanada, walijaribu kuwapa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo, watu 540, wakitegemea kupunguza madhara ya mionzi. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba wakati wa kutumia vitamini hiyo saratani mpya na za kurudi ziliongezeka. Isitoshe, dozi kubwa hufanya damu isigande vizuri, na baba ana kidonda kibichi kichwani.

B-complex, geuza chupa usome nyuma. Tafuta B6 na asidi ya foliki. Zikiwa nyingi, zote mbili zinaweza kushusha fenitoini kwenye damu, na fenitoini ikishuka degedege inarudi. Mzee akianguka tena safari hii, akiwa na mshono kichwani, ni habari nyingine. Kuna B moja tu ninayoiombea kwa sauti: kama amekuwa akitapika wiki nzima au hali kitu, mwambieni daktari ampe B1 kabla ya kumwekea dripu ya glukosi. Ikikosekana B1, glukosi peke yake inaweza kuuumiza ubongo ambao umeshaumia vya kutosha.

B17 si vitamini. Ni jina la biashara lililobandikwa kwenye amigdalini, kitu kinachotolewa kwenye mbegu za ndani ya kokwa la aprikoti. Ikifika tumboni huachia sayanidi. Nyinyi wa West Nile hamhitaji kufundishwa sayanidi, mnajua kwa nini muhogo mchungu unalowekwa siku kadhaa, ukachachushwa, ukaanikwa, kabla haujasagwa. Ni ileile. Marekani waliijaribu kwa wagonjwa 178, wakatoa matokeo mwaka 1982: hakuna aliyepona, uvimbe uliendelea kukua, na baadhi walionyesha dalili za sumu. Chupa hiyo itupeni kwenye choo cha shimo, msimpe hata jirani.

Chakula ni mambo mengine kabisa. Dodo (mchicha), mukene (dagaa), parachichi, karanga na simsim ya kusaga, mayai, matunda, mpeni kadiri anavyotaka. Dexa itamfanya ale kama askari wa zoezini, kwa hiyo kitakachopungua ni soda na sukari.

Siku ya kwanza ya mionzi, tieni chupa zote kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) moja, pamoja na majani au unga wowote ambao mtu amempa, mziweke juu ya meza ya daktari bila aibu. Hatagomba. Na kama shangazi bado anasisitiza, asibishane naye mtu. Aende tena kliniki ile akiwa na karatasi, awaombe waandike na kusaini vitu vitatu: gramu za vitamini C katika kila dripu, majibu ya G6PD ya baba, na majina ya dawa nyingine zote zilizomo ndani ya chupa. Atuletee hiyo karatasi. Nitaisoma naye mstari kwa mstari.